Iceland na watoto (na bibi): mwongozo kamili, tuanze na upepo

Kwenye safari yetu ya kwanza, tumesimama pembeni ya barabara karibu na Vík, kimji cha kusini, kitinda mimba kabanwa na mkojo hawezi kusubiri, kafungua mlango wa nyuma mwenyewe na upepo ukaudaka. Ulikwenda mpaka mwisho wa bawaba na zaidi ya mwisho, nikasikia kraaa, na tangu hapo mlango ule haukufunga vizuri, tukaufunga na kamba mpaka Reykjavík, mji mkuu. Kampuni ya kukodisha gari wakatuonyesha mstari kwenye mkataba, bima haigusi mlango uliong'olewa na upepo, hata ile bima kubwa tuliyojidai nayo. Ile bili sitaki kuikumbuka.

Ndio maana mtu akiniuliza Iceland kuna baridi gani huwa namwambia baridi utaizoea ndani ya siku mbili, mwenye nchi pale ni upepo. Ukipanga safari yako ukiuheshimu upepo mtafurahi sana, ukipanga kana kwamba unaenda Zanzibar, kila saa na kitu chake, mtagombana ndani ya gari.

Sisi tulikuwa sita, mimi na baba watoto, watoto watatu (kifungua mimba miaka 13, wa kati 9, mdogo 4) na mama mkwe aliyetoka Tanga. Tunaishi Uingereza. Mara ya kwanza tulienda Oktoba mwishoni, mara ya pili Mei mwishoni bila bibi. Haya ninayoandika yametoka kwenye hizo safari mbili, ya kwanza ilitufundisha kwa fimbo.

Hatua ya 1: chagua mwezi kabla ya kitu kingine chochote

Watu wanaanza na hoteli, hapana, anza na mwanga. Reykjavík iko nyuzi 64 kaskazini, kwa hiyo Desemba mnapata saa nne au tano tu za mwanga kwa siku na Juni jua linazama karibu saa sita usiku na hata likizama giza lenyewe haliji. Sisi wa ikweta tuliozoea kucha saa kumi na mbili na kuchwa saa kumi na mbili hili jambo linatuvuruga kichwa kweli kweli. Mwisho wa Mei nilimpigia simu mama mkwe Tanga nikamwambia ndio kwanza Magharibi inaingia huku, saa tano na kitu usiku, akaniuliza mwanangu umelala lini mara ya mwisho.

Kama una watoto wadogo na ni mara yenu ya kwanza mimi nasema nendeni kati ya mwisho wa Mei na Agosti. Barabara ziko wazi, mwanga upo tele, na wale ndege wa mdomo wa rangi rangi, lundi kwa kienyeji, papini kama Waingereza wanavyowaita, wapo mpaka katikati ya Agosti hivi halafu wanarudi baharini. Usisahau pazia nzito au vitambaa vya macho, mtoto wa miaka minne haamini kwamba ni usiku wakati jua linamchungulia.

Kama mnachotaka ni aurora, zile taa za kijani zinazocheza angani, basi ni Septemba mpaka Aprili kwa sababu inahitaji giza. Septemba mwanzoni ni maelewano mazuri, mwanga wa kutosha mchana na giza usiku. Ila usimwahidi mtoto aurora. Sisi Oktoba usiku tano tuliona mawingu, usiku mmoja tukaona, na mtoto aliyeitaka zaidi alikuwa amelala fofofo tukashindwa kumwamsha.

Januari na Februari na watoto wadogo? Kama baba watoto hajawahi kuendesha kwenye barafu, achaneni nayo, au kaeni Reykjavík tu mpande mabasi ya matembezi.

Hatua ya 2: viza, tiketi na hela

Iceland haimo Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja. Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo anahitaji viza ya Schengen, na kuishi Uingereza hakukusaidii maana Uingereza si Schengen, hapo ndipo wengi wanapojikwaa, wanadhani kibali cha Uingereza kinatosha. Ukiwa na kibali cha kuishi Ujerumani, Uholanzi, Sweden na wenzao, hiyo ni sawa, unaingia bila viza nyingine. Ada ni euro 90 mtu mzima, 45 mtoto wa miaka 6 mpaka 11, chini ya hapo bure. Unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla na isiwe chini ya siku 15 kabla ya safari, lakini hizo siku 15 ni za kwenye karatasi, mimi nasema anza miezi mitatu kabla maana kupata tarehe ya kupeleka makaratasi ndio kazi yenyewe. Bima ya safari inatakiwa ifikie angalau euro 30,000.

Mtoto akisafiri na mzazi mmoja chukueni barua ya ridhaa ya mzazi mwingine na cheti cha kuzaliwa, hata kama hakuna atakayeuliza.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hakuna, utabadilisha Amsterdam, Frankfurt, Paris, Copenhagen au London. Anayetoka Dar au Nairobi akiona tiketi ya bei chee kupitia London aangalie kwanza habari ya viza ya kupita pale uwanjani, asije akazuiliwa kupanda ndege kwao. Mama mkwe tulimpitisha Amsterdam kwa sababu hiyo.

Hela yao ni krona. Krona 1,000 ni kama pauni 6 au dola 8 hivi. Sisi hatukushika noti hata moja, kila kitu kadi, hata choo. Lakini hakikisha kadi yako ina namba ya siri unayoikumbuka, vituo vingi vya mafuta huko nje ya mji havina mtu, ni mashine na wewe na upepo. Ukifika mahali kituo kinaonekana jaza, usiseme nitajaza mbele.

Soketi zao ni za pini mbili za mviringo, sisi na Waingereza tuna pini tatu, nunua adapta mbili au tatu nyumbani.

Hatua ya 3: nguo, na hapa msifanye ubahili

Nitasema jambo ambalo Mtanzania yeyote akifika Ulaya mara ya kwanza analikosea, koti moja nene si jibu. Jibu ni tabaka. La ndani kabisa ni ile ya kubana mwilini, ya sufu kama unaweza au ya naironi ya michezo, isiwe pamba, maana pamba ikilowa na jasho au mvua inakaa na maji na inakuganda mgongoni. La kati sweta ya sufu au ile ya manyoya manyoya. La juu koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Hili la juu ndilo lenye kazi. Jinzi ziache nyumbani, ikilowa asubuhi italowa mpaka kesho.

Mvua ya Iceland haishuki kutoka juu kama ya masika, inakuja ubavuni. Mwavuli ni wa kuchekesha watu. Mama mkwe alijifunga kanga juu ya kofia akaenda kuangalia Skógafoss, tulipokaribia maporomoko upepo ukaivua ile kanga ikapaa kama tiara, hatukuiona tena, na jina la kanga lilikuwa "Riziki yangu hainipiti" kwa hiyo tumecheka mpaka leo.

Viatu viwe buti za kushika chini na zisizopitisha maji. Kila mtu glovu pea mbili, watoto tatu, maana watapoteza. Kwa majira ya baridi kuna vile vifaa vya mpira vyenye meno ya chuma unavivalisha juu ya kiatu, ni bei ndogo na vinaokoa viuno vya wazee.

Na mafuta ya mgando jamani. Kopo kubwa. Unawapaka watoto uso, midomo na masikio kabla ya kutoka hotelini, upepo ule unakausha ngozi yetu mpaka inapasuka.

Hatua ya 4: gari

Treni hakuna nchi nzima, mabasi yapo lakini na watoto watatu na mzee, gari ndio uhuru. Uwanja wa ndege uko Keflavík, kama kilomita 50 kutoka Reykjavík, dakika 45 hivi.

Wanaendesha kulia. Sisi wa kushoto hatari haiko barabara kuu, hatari iko pale unapotoka kwenye maegesho asubuhi bado una usingizi. Baba watoto alibandika karatasi kwenye usukani imeandikwa KULIA. Mwendo ni 50 mjini, 80 barabara ya kokoto, 90 ya lami, na faini zao si za kuongea na mtu kando. Taa mbele zinawashwa muda wote hata mchana. Mtoto aliye chini ya sentimita 135 lazima awe na kiti chake, agiza pamoja na gari au beba wa kwako.

Kutoka nje ya barabara na kukanyaga moss (ile mimea laini ya kijani inayofunika mawe) au mchanga na gari ni kosa kisheria, ule moss ukishauumiza unachukua miaka mingi sana kurudi. Barabara zenye herufi F mbele ya namba ni za milimani, zinafunguliwa kiangazi tu na zinataka gari ya kuvuta miguu yote minne, na mito mingi haina madaraja, unavuka ndani ya maji. Na familia ya mara ya kwanza huna kazi huko.

Kuna madaraja ya gari moja tu kwa wakati, utaona bango limeandikwa "einbreið brú". Aliyefika kwanza anapita, mwingine anangoja. Na kondoo kiangazi wanatembea popote, ukimwona kondoo upande mmoja na mwanawe upande wa pili punguza mwendo, lazima mtoto atamkimbilia mama.

Sasa mlango. Kabla ya kuegesha tazama upepo unatoka wapi na uelekeze pua ya gari kwenye upepo. Fungua mlango mmoja mmoja, mkono mmoja kwenye kitasa na mwingine kwenye ukingo. Watoto nyuma muwashe ile lock ya watoto, wasifungue wenyewe kabisa, mtu mzima ashuke awafungulie. Kwenye bima soma mstari wa upepo na milango, soma na wa mchanga na majivu, kusini ule mchanga mweusi ukirushwa na upepo unakwangua rangi. Na ukichukua gari piga video kuzunguka yote, mpaka chini.

Kila asubuhi, kabla ya chai, fungua tovuti tatu: vedur.is ya hali ya hewa, umferdin.is ya barabara, safetravel.is ya usalama. Tahadhari zinakuja kwa rangi, njano, chungwa, nyekundu. Ikiwa njano na ni upepo, na gari yenu ni ndefu au mnavuta nyumba ya magurudumu, fikirieni mara mbili. Chungwa kaeni mlipo. Namba ya dharura ni 112.

Hatua ya 5: njia, na kwa nini msizunguke kisiwa kizima

Barabara namba 1 inazunguka nchi, ni kilomita 1,300 na kidogo. Kila mtu anataka kuizunguka. Chini ya siku kumi na watoto ni adhabu, mtaiona Iceland kupitia kioo cha gari. Kwa siku sita au saba sisi tulifanya hivi na ningefanya tena hivi.

Usiku wa kwanza na wa pili Reykjavík, msifanye kitu kikubwa. Mnatembea mpaka Hallgrímskirkja, kanisa lenye mnara wa mita 74 na nusu, mnapanda na lifti kuona mapaa ya rangi. Kama mvua inanyesha kuna Perlan, makumbusho yenye pango la barafu ndani, watoto wetu hawakutaka kutoka.

Siku ya tatu ni ule mzunguko wanaouita wa dhahabu, Þingvellir, Geysir na Gullfoss, siku moja inatosha ukitoka mapema. Þingvellir ndipo walipokaa bunge lao la kwanza mwaka 930, na ndipo ardhi inapopasuka, bamba la Amerika ya Kaskazini (bamba ni pande kubwa la ganda la dunia) linaenda huku na la Ulaya na Asia linaenda kule, kama sentimita mbili kwa mwaka. Unatembea katikati ya ufa wenyewe na kuta za mawe pande mbili. Mwanangu wa kati akauliza hii ni kama Bonde la Ufa, nikamwambia ndio hasa, ni kazi ile ile, ila kwetu ufa umepita katikati ya bara na huku sehemu kubwa iko chini ya bahari, hapa ndio umechomoza nje.

Geysir yenyewe ndiyo iliyoupa ulimwengu jina la chemchemi zinazoruka, lakini siku hizi imelala, inayofanya kazi ni jirani yake Strokkur. Kila baada ya dakika tano mpaka kumi maji yanavimba kama jicho la bluu halafu yanaruka mita 15, 20, wakati mwingine zaidi. Mshike mtoto mkono muda wote, kamba ile haikuwekwa kama pambo, yale maji yanachemka kweli. Simameni upande upepo unakotoka, la sivyo mtaoga maji yenye harufu ya mayai viza.

Siku ya nne na ya tano kusini. Seljalandsfoss, mita 60, mnaweza kupita nyuma ya maji (mtalowa chapachapa, vaeni suruali za mvua kabla ya kushuka garini). Skógafoss nayo mita 60. Lala maeneo ya Vík, ni kama kilomita 190 kutoka Reykjavík. Kesho yake, hali ya hewa ikikubali, endeleeni kilomita nyingine 190 hivi mpaka Jökulsárlón, ziwa ambalo mapande ya barafu yanakatika kutoka kwenye barafu kuu ya Vatnajökull yanaelea polepole kwenda baharini, na ng'ambo ya barabara yanatupwa juu ya mchanga mweusi yanameta kama vioo. Hapo mama mkwe alikaa kwenye jiwe nusu saa hasemi kitu, halafu akasema "Subhanallah, na huku nako kuna watu wanaishi". Hali isipokubali msiende. Ndio maana ya kulala siku mbili sehemu moja, mna siku ya akiba.

Reynisfjara nataka niiongelee peke yake. Ni ufukwe wa mchanga mweusi karibu na Vík, mzuri wa kutisha, na unaua. Sisi watu wa pwani ndio tuko hatarini zaidi kwa sababu tunajiona tunaijua bahari. Bahari ile huijui. Mawimbi yanakuja madogo madogo dakika kumi, halafu linakuja moja linapanda mbali kuliko yote na linarudi na nguvu inayomvuta mtu mzima, maji yenyewe baridi kali na hakuna mwamba wa nje wa kulivunja kama matumbawe yetu. Mwaka 2025 mtoto aliyekuwa hapo na familia yake alichukuliwa na wimbi akafa. Kuna taa za tahadhari na mabango, ikiwa nyekundu hamshuki kwenye mchanga kabisa, mnaangalia kutoka juu. Hata ikiwa si nyekundu msiipe bahari mgongo kwa ajili ya picha, na watoto wadogo mikononi. Sisi mdogo hatukumshusha, alilia, tukamwacha alie.

Vituo vingi vina ada ya maegesho, kama krona 1,000, unalipa kwa programu ya simu inayoitwa Parka au mashine pale pale, kamera inapiga namba ya gari, kwa hiyo usijifanye hukuona.

Hatua ya 6: mabwawa ya moto, hapa ndipo watoto watakapoipenda nchi

Watu wote wanaijua Blue Lagoon. Ni maji ya kituo cha umeme wa mvuke cha Svartsengi, meupe ya bluu kwa sababu ya silika, madini yaliyomo kwenye maji, joto kama nyuzi 38. Ni pazuri, ni ghali, kuanzia krona 10,000 na zaidi mtu mzima na lazima kubuku mapema. Mtoto chini ya miaka miwili haruhusiwi. Sky Lagoon iliyo karibu na mjini wanataka miaka 12 na zaidi, msije mkalipia kisha mkarudishwa.

Nywele zetu sasa. Ile silika inakausha nywele zinakuwa kama katani. Sukeni kabla ya safari, pakeni kondishona nyingi bila kusuuza, fungeni juu, na msizamishe kichwa. Mimi mara ya kwanza nilizamisha, nilichana wiki nzima. Pete na bangili za fedha vua pia, hata kuoga hotelini maji ya moto yana salfa yanaifanya fedha iwe nyeusi. Maji ya baridi ya bomba yenyewe ni safi kabisa, ya kunywa, usinunue maji ya chupa, ila acha bomba lipite kidogo kama lilikuwa la moto.

Lakini siri ni mabwawa ya mitaa. Karibu kila kimji kina bwawa la nje lenye maji ya moto ya ardhini, slaidi, na vidimbwi vya kukaa vya nyuzi 38 mpaka 42, wenyeji wanakaa mle wanapiga soga kama vibarazani kwetu. Reykjavík kubwa kuliko yote ni Laugardalslaug. Mtu mzima ni kama krona 1,400, watoto bei ndogo au bure. Maboya ya mikononi ya watoto tuliyakuta pale pale tukachukua bila kulipa. Mvua inanyesha, upepo unavuma, na nyie mmezama mpaka shingoni kwenye maji moto, watoto wanacheka. Kila jioni tulienda, hata siku ambayo kila kitu kingine kilifutwa.

Kuna jambo la aibu lazima nilitaje maana hakuna aliyenitajia mimi. Kabla ya kuingia lazima uoge na sabuni bila nguo yoyote, uchi kabisa, wanawake kwao na wanaume kwao, kwa sababu dawa wanayoweka kwenye maji ni kidogo. Kuna mabango ukutani yanaonyesha sehemu gani usugue na kuna mtu anaangalia. Mama mkwe aliposikia akasema yeye atakaa kwenye gari. Kumbe kuna njia, sehemu nyingi siku hizi kuna bafu moja mawili yenye pazia au mlango, ni kuuliza tu mapokezini kwa sauti ya chini, na Blue Lagoon vipo vyumba vya kuogea vyenye mlango. Tukauliza, akaoga kwa stara yake, akavaa nguo yake ya kuogelea ya mikono mirefu na mimi ya kwangu, hakuna aliyetugeukia. Siku ya tatu yeye ndiye aliyekuwa anatuamsha twende.

Hatua ya 7: chakula

Mgahawani sahani moja ni krona 4,000 mpaka 6,000, zidisha mara sita halafu ukae chini. Kwa hiyo chukueni nyumba yenye jiko, na siku ya kwanza piteni Bónus, ile yenye nguruwe wa pinki kwenye bango, au Krónan. Bibi alikuja na unga wa sembe kilo mbili, dagaa na pilipili, nilimkasirikia uwanja wa ndege nikamshukuru Vík. Nyama mbichi na maziwa kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi kuingia, hayo msijaribu.

Samaki wao ndio habari. Chewa mweupe mbichi, ukimpika mchuzi wa nazi ya kopo huko nje theluji inaanguka, acha tu. Skyr ni kama mtindi mzito, watoto waliila asubuhi mchana jioni. Mkate wao mweusi wa tamu unaokwa ardhini kwa joto la volkano, pale Laugarvatn wanaufukua mbele yenu. Supu ya kondoo mgahawani mara nyingi wanakuongeza bure, uliza.

Waislamu wenzangu, hotidogi yao maarufu inayosifiwa ni ya kondoo ina nyama ya nguruwe ndani pia, imechanganywa. Tulikaribia kuila. Tukabaki na samaki.

Bakshishi hawadai.

Hatua ya 8: volkano yenyewe

Hili ndilo ndugu wanalopigia simu, "mnakwenda kwenye moto na watoto?" Rasi ya Reykjanes ilikaa kimya karibu miaka 800 mpaka Machi 2021 ilipofunguka, halafu kuanzia Desemba 2023 imelipuka mara kadhaa karibu na mji wa Grindavík, ambao watu wake walihamishwa Novemba 2023. Blue Lagoon iko jirani, imefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Kwa hiyo asubuhi ya siku yenu angalieni kama iko wazi.

Lakini milipuko hii ni ya nyufa, lava inatoka inatambaa, majivu ni kidogo, na ndege zinaendelea kutua. Tofauti na 2010, Eyjafjallajökull ilipolipuka chini ya barafu, moto na maji vikakutana vikasaga mawe kuwa majivu laini yaliyofunga anga la Ulaya siku kadhaa. Waulizeni watu wa Naivasha, maua yao ya kupeleka Ulaya yalioza mabandani. Na wa Goma hawahitaji somo lolote kuhusu lava, Nyiragongo iliwatembelea 2002 na 2021.

Msiende kuitafuta lava wenyewe na watoto. Hewa yake ina gesi ya sumu na lava mpya juu imeganda ndani bado moto. Mkitaka kuiona kweli kuna Lava Show, Vík na Reykjavík, wanayeyusha lava mpaka iwe uji wanaimimina mbele yenu, joto mnalisikia usoni. Wa miaka 13, ambaye hafurahishwi na kitu, alipiga makofi.

Na pale kwenye kituo cha umeme wa mvuke wa ardhini cha Hellisheiði kuna maonyesho. Nilijivuna kidogo kuwaambia watoto kwamba wahandisi wengi wa Olkaria kule Kenya wamesoma kazi hii Iceland, kuna mafunzo yaliyoanza 1979 na Wakenya ni miongoni mwa waliopita pale kwa wingi.

Vitu vidogo ambavyo havikupata mahali

Majina yao yanaonekana magumu, si magumu. Jónsdóttir ni binti Jón, Jónsson ni bin Jón, wengi hawana jina la ukoo, na kila mtu anaitwa kwa jina lake la kwanza hata rais. Bibi alielewa kabla yetu wote, akasema kumbe ni waungwana.

Mbu. Nchi ilisifika kwa kutokuwa na mbu hata mmoja mpaka Oktoba 2025 walipokamatwa watatu, ikawa habari ya dunia nzima. Watatu! Ila ukienda kaskazini kwenye ziwa Mývatn kiangazi kuna visubi wengi mno, jina la ziwa lenyewe linawataja, beba wavu wa uso.

Farasi wao wafupi msiwalishe, na msiwaite wadogo mbele ya mwenyewe.

Hatua ya mwisho: siku ya kurudi

Lala karibu na uwanja kama ndege ni ya alfajiri, rudisheni gari na mafuta kamili, pigeni video tena. Nguo za kuogelea za jana zitakuwa mbichi, wekeni mfuko wa plastiki wa peke yake.

Na kama mnanunua kitu kimoja tu kinunueni ile sweta ya sufu yenye duara la maua kifuani, lopapeysa, iliyofumwa kwa mkono kule kule, soma lebo maana nyingine zinatoka mbali. Ni ghali. Mama mkwe alitembea nayo dukani ameivaa, anaivua, anaivaa, mwishowe baba watoto akalipa. Sasa iko Tanga, kwenye sanduku, kaijaza karafuu nondo wasiile, na kila mgeni akija lazima itolewe.